Miaka 17 nimekatwa, mfuko umepokea miezi 113. Alafu kijiweni tunamlaumu machinga

Mzee wa Stoo

Wakuu habari za mda huu. Uzi mrefu kidogo, naomba mnivumilie maana nimekaa nao moyoni wiki tatu.

Juzi jumamosi nilikua kijiweni hapa Buguruni, tunakunywa kahawa jioni kama kawaida, mada ikawa ile ile, maisha magumu nani katufikisha hapa. Mmoja akasema ni hawa vijana, wanashinda kwenye kubeti kazi hawataki. Mwingine akasema ni watu wa mikoani, kila siku mabasi yanawashusha stendi ya Mbezi ndo mana hospitali zimejaa na shule zimejaa. Mwingine machinga, hawalipi kodi wanatuachia sisi mzigo. Mwingine wachina wa Kariakoo. Mwingine akawageukia kina mama, eti wanazaa watano sita alafu wanataka elimu bure na matibabu bure. Yani kila mtu ana wake wa kumlaumu na kila mtu amekasirika kweli. Na mimi nimekaa pale na bahasha kwenye mfuko wa shati sijasema neno.

Sasa naomba niseme kilichokuwemo kwenye ile bahasha.

Nilianza kazi Machi 2007, kiwanda kimoja maeneo ya barabara ya Pugu, jina naliacha. Stoo kipa. Nikafanya kazi pale mpaka Februari 2024 tulipopunguzwa. Hesabu mwenyewe, miaka 17, miezi 204. Na kila mwezi slipu ya mshahara ikija inaonyesha makato ya hifadhi ya jamii. Sheria inasema mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi anakatwa kumi na mwajiri anaongeza kumi, alafu mwajiri anapeleka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ndani ya mwezi unaofuata. Kumi yangu nimekatwa miezi yote 204, hakuna hata mmoja nilioachiwa.

Mwaka huu nimefikisha 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Nikachukua nyaraka zangu nikaenda kwenye mfuko. Dada wa kaunta alinipokea vizuri sana, akatafuta namba yangu, akaprinti karatasi, akaikalia kimya kidogo. Akaniambia baba, mchango wako wa mwisho kuingia ni wa Julai 2016. Nikamwambia angalia tena mwanangu. Akaangalia tena. Miezi 113.

Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180. Kama yangu yote ingepelekwa ningekua nimevuka na ishirini na nne juu. Sasa hivi napungukiwa 67. Maana yake sio mstaafu mwenye pensheni, ni mtu wa kupewa kimkupuo kimoja na kwaheri, labda ile miezi 91 ipatikane.

Ukipiga kwa mshahara wangu wa mwisho ambao ni laki nne na ishirini, makato yangu ni 42,000 kwa mwezi. Miaka ya nyuma ulikua chini ya hapo lakini wacha tutumie huo. Mara 91 ni milioni tatu laki nane na ushee. Hiyo ni jasho langu tu, bado sehemu ya mwajiri nyingine kama hiyo hiyo. Na tulipunguzwa watu 23 siku moja.

Sasa wakuu, nani atanilisha? Mwanangu wa kwanza anaendesha boda ya mkataba, ana watoto wawili. Akinilisha mimi atapunguza kwao. Na nikifika 60 nitaenda kupanga foleni ya wazee wanaotibiwa kwa msamaha, na nyuma yangu kutakua na mtu amechoka amekaa toka alfajiri, atasema hawa wazee ndo wanamaliza dawa, serikali imeelemewa. Atakua ananiangalia mimi. Hatajua kwamba mimi nilishalipia uzee wangu, miaka 17, na hela ikaliwa njiani.

Ndo mana pale kijiweni nilikaa kimya. Lawama zetu zote zinateremka chini, kwa mtu ambaye ana hali kama yangu au mbaya zaidi. Hakuna aliyetaja mtu mwenye ofisi.

Naomba mawazo yenu.

Boda Tandika

Mzee wangu shikamoo. Pole sana yani nimesoma nimeishiwa nguvu.

Ila naomba uelewe na sisi vijana. Tunaambiwa hatuchangii chochote ila kuna kodi gani ambayo mi siilipi? Nikinunua mafuta ndani yake kuna kodi, nikinunua sabuni nimelipa VAT asilimia 18 sawa sawa na bosi wa Masaki. Ile tozo ya miamala ya Julai 2021 ilianza shilingi 10 mpaka elfu kumi kwa muamala mmoja, nani aliyekua anatumia mama yake hela kwa simu kama sio sisi?? Matajiri wanahamisha benki kwa benki bana. Mimi nilikua namtumia mama Masasi elfu ishirini kila wiki, nikaanza kumtumia kwa kumpa kondakta wa basi, na siku moja hela haikufika.

Alafu mtu anasema machinga halipi kodi. Anajua asubuhi yule machinga analipa nini? Ushuru, mlinzi wa mzigo, riba ya kausha damu. Mkopo wa laki mbili unarudisha kila siku mpaka unakua mwembamba. Saivi hata mikopo ya simu, mpaka Benki Kuu ikabidi mwaka 2024 itoe orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na ushachelewa watu washadhalilishwa namba zao zote kwenye simu zimetumiwa meseji.

Kubeti sikatai ipo na inatuumiza. Lakini mtu anabeti kwa sababu haoni njia nyingine ya kupata laki tano kwa mkupuo.

Mjukuu wa Magomeni

Mzee wa Stoo umenikumbusha mbali.

Mwaka 1983 nilikua darasa la tano Magomeni. Hali ilikua mbaya wale wa umri wangu wanakumbuka, sukari foleni, sabuni foleni, unga wa yanga wa njano kutoka Marekani. Sababu zilikua zinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita ya Kagera 1978 mpaka 79 ilikula hela zote, mafuta yakapanda duniani 1979, mashirika ya umma yanaenda kwa hasara. Lakini serikali ikatunga sheria ya nguvu kazi, kwamba tatizo la Dar es Salaam ni watu wasio na kazi, wakamatwe warudishwe vijijini wakalime.

Baba yangu mdogo alikua anauza kahawa na kashata pale Mapipa. Alfajiri moja akakamatwa, hana kitambulisho cha kazi, akapandishwa lori. Mama alienda kituoni na chakula akakuta washapelekwa. Karibu miezi miwili hatujui alipo. Siku amerudi alikua amekonda, birika lake na vikombe vimeshapotea, akaanza upya kwa kukopa. Na mwaka huo huo kukawa na msako wa wahujumu uchumi, wengine walikua kweli wameficha bidhaa, lakini waliokamatwa na mifuko miwili ya sukari nao waliitwa wahujumu.

Baba mdogo hakuleta vita. Hakuvunja Jumuiya. Alikua anauza kahawa. Na nchi haikupata sukari kwa sababu yeye kapelekwa shamba.

Na wale wazee waliofanya kazi Jumuiya yenyewe, reli, posta, bandari, Jumuiya imekufa 1977 na miaka ya 2000 bado wanadai mafao yao. Tuliwaona hapa mjini wamelala barabarani wazee wa miaka sabini, na magari yanapiga honi. Watu wengine walikua wanawatukana wanasababisha foleni. Nimeyaona kwa macho yangu, na mpaka leo najisikia vibaya kwamba nilikua ndani ya daladala na sikushuka.

Kariakoo Msimbazi

Poleni wote ila mimi sikubaliani na kuwatoa wageni kwenye hii hesabu. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo miaka kumi na mbili. Mchina anakuja na mtaji wa kwao, ana kiwanda kwao, analeta kontena lake, alafu anafungua duka la rejareja mlango wa jirani na wangu anauza kandambili moja moja! Mi nashindana naje? Nikifunga mimi, wasichana wawili niliowaajiri wanarudi mtaani. Ndo mana Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, rejareja ikiwemo, ufundi simu, saluni, uwakala wa hela. Ingekua sio tatizo wangetoa amri ya nini?

Mzee wa Stoo

Kariakoo Msimbazi nimekuelewa na sikatai. Biashara ndogo waachiwe wazawa, naunga mkono kabisa. Lakini ndugu yangu, kwenye karatasi yangu hakuna mchina. Kiwanda nilichofanya kazi mwenye nacho ni raia, mtanzania mwenzetu, tunaswali nae msikiti mmoja. Na nyie wenyewe Kariakoo mlipofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 hamkua mnamlilia mchina, mlikua mnalalamikia kodi na namna mnavyosumbuliwa na wakusanyaji. Mlijua mlango wa kugonga. Basi hata hili la kwangu lina mlango wake.

Mjasiri Kimara

Nitaandika kitu hapa na najua mtanishambulia. Mimi ni mwajiri. Nina karakana ya aluminiamu, vijana 14. Na mimi kuna kipindi sikupeleka michango.

Sikula hela. Nilifanya kazi ya taasisi moja, milango na madirisha jengo zima, nikamaliza nikakabidhi, malipo yakachukua miezi kumi na moja. Kipindi hicho kodi ya pango inadaiwa, umeme, na nina vijana wana familia. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, ilikua asilimia 3.5 kwa sababu nimevuka wafanyakazi kumi, mfuko wa fidia 0.5, michango kumi ya kwangu. Nikachagua kulipa mishahara kwanza. Ile kumi ya kijana kwenye slipu ilikua imeandikwa tu, hela yenyewe benki haikuwepo. Ningeipeleka vipi? Nimekuja kuilipa yote baadae pamoja na faini yake na nimeuza gari.

Sisemi mzee hana haki. Nasema sio kila mwajiri ni mwizi, na anayetuchelewesha sisi pia atajwe.

Mzee wa Stoo

Mjasiri asante kwa kusema ukweli, na mtu aliyeuza gari akalipa mimi namheshimu.

Lakini hapa tuongee taratibu maana hapa ndo penyewe. Ile kumi ya kwako ukiniambia imekwama kwa sababu mteja hajakulipa naelewa, biashara ina mawimbi yake. Ila ile kumi ya kwangu haijawahi kuwa hela yako. Mshahara wangu laki nne na ishirini, umenipa pungufu na ukaniambia pungufu hiyo inaenda kwenye uzee wangu, ukanipa na karatasi. Kama hela haikuwepo benki basi ulitakiwa uniambie, mzee mwezi huu nimekulipa pungufu nakudai unidai. Ningejua. Ningeweza kukaa na mke wangu tukaamua, tunavumilia au natafuta pengine nikiwa bado na miaka 47 na nguvu za kubeba maboksi. Usiponiambia umenikopa bila mimi kujua, na umenikopa uzee.

Na wa kwangu hakukwama miezi kumi na moja. Miezi 91. Katika hiyo miezi kiwanda kilinunua malori mawili mapya, najua kwa sababu matairi na vipuri vilikua vinapita stoo kwangu nasaini mimi.

Mwalimu wa Zamani

Nimesoma yote. Mimi nimestaafu ualimu 2023, shule za msingi, Temeke.

Msidhani serikalini kuna nafuu sana. Nilipoajiriwa tuliambiwa ukistaafu unapewa nusu ya mafao kwa mkupuo, nusu inakuja kidogo kidogo kila mwezi. 2018 mifuko ikaunganishwa na kanuni ikaja ya asilimia 25, kelele zikawa nyingi Rais Magufuli akaisimamisha Desemba ile ile. Julai 2022 ikaja ya 33. Mimi nikaangukia hapo. 2024 wakapandisha ikawa 40 kwa kundi letu. Kiwanja nilichokua nimekiweka rehani kichwani mwangu miaka ishirini, kwamba mkupuo ukija nakijenga, nimejenga msingi tu umeota nyasi.

Watu mitaani wanasema wastaafu wengi ndo wameielemea mifuko. Jamani mwalimu mmoja anayeishi mpaka miaka 75 ndo kosa? Mifuko ile ilibeba watumishi wa kabla ya 1999 ambao serikali iliahidi kuwalipia michango na ikakaa miaka na miaka haijalipa, mpaka mwishoni mwa 2021 ndo ikatoa hatifungani, yani hati ya deni, ya trilioni 2.17. Mifuko hiyo hiyo ilikopesha kujenga Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni chuo kizuri, mwanangu kasoma pale nashukuru. Lakini aliyekopa akichelewa kulipa, anayekatwa kwenye kikokotoo, ile hesabu ya mafao, ni mimi. Hilo halisemwi kijiweni kwa sababu ni gumu kulieleza, kumsema jirani ni rahisi.

Mzee wa Stoo, swali moja la kimwalimu usinielewe vibaya. Miaka saba yote hukuwahi kwenda kuangalia?

Mzee wa Stoo

Mwalimu shikamoo. Swali la haki kabisa na mke wangu kaniuliza hilo hilo, kwa sauti kubwa zaidi.

Sikuangalia. Niliamini slipu. Tulikua tunafanya kazi siku sita, kutoka kwenda ofisini kuulizia ni kuomba ruhusa kwa mtu yule yule unayekwenda kumchunguza. Mwaka 2019 kuna mwenzetu wa mashine aliulizia, mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu hiyo ila kiwanda kizima kilielewa. Siku hizi unaangalia kwenye simu dakika mbili, kwa hiyo mnaosoma hapa mna kazi, naomba angalieni leo hii kabla hamjalala.

Nesi wa Zamu

Naandika haraka niko zamu. Hilo alilosema mzee la foleni ni kweli tupu. Mtu anakuja na mama yake mzee, kwenye sera anatibiwa bure kwa sababu amevuka 60, dawa iliyoandikwa haipo anaambiwa kanunue nje. Hana. Anagombana na mimi. Mimi mshahara wangu na madeni yangu nagombana nae. Na wote wawili hatujagusa bajeti ya dawa hata siku moja.

Toto Afya Kadi ilipositishwa 2023 walisema wazazi wanaandikisha mtoto akishaugua, mfuko unaelemewa. Kihesabu ni kweli bima haiwezi kuishi kwa wagonjwa peke yao. Ila mama wa Mbagala anayeuza vitumbua elfu hamsini na mia nne kwa kila mtoto angeitoa lini kama sio siku mtoto yuko hoi? Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023. Watu kama hawa ndo walikua wanaisubiri.

Kaka yangu yupo kwenye kiwanda cha vinywaji, nimemwambia aangalie michango yake, kakuta pengo la miezi minne. Ameshaandika barua.

Boda Tandika

Nesi mwambie barua abaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa!! Bila muhuri wanasema hatujaiona.

Mzee wa Stoo

Wakuu nimerudi na taarifa.

Jumatatu nilirudi kwenye mfuko na slipu zangu. Nina 64 kati ya zile 91, mke wangu alikua anazihifadhi kwenye kopo la biskuti kwa sababu zilitumika kuombea mkopo kikoba. Wamesema zinatosha kuanzia. Mfuko una mkaguzi wake na una uwezo wa kumshtaki mwajiri kwa michango ambayo haijapelekwa, sio mimi nikapambane peke yangu. Wamefungua jalada, nimeandika maelezo kurasa tatu. Ila afisa akaniambia, mzee mtu mmoja ni malalamiko, mkija wengi ni ukaguzi wa kiwanda kizima.

Katika wale 23 nimewapata tisa. Wawili wamerudi kwao Kilosa na Newala, mmoja amefariki, nimeongea na mjane wake, nae ana haki ya mafao ya mirathi na alikua hajui kitu. Nje ya wale 23 nimempata na yule wa mashine wa 2019, nilienda mpaka kwake Gongo la Mboto. Alikua na slipu zote, zimepangwa kwa mwezi kwenye faili la bluu. Akaniambia nilijua mtakuja.

Jumapili saa nne asubuhi tunakutana Buguruni, nyumbani kwangu. Aliyefanya kazi viwanda vya barabara ya Pugu kati ya 2016 na 2024 na anaona pengo kwenye michango yake aniandikie inboksi nimwelekeze, aje na slipu hata kama ni moja, na kitambulisho.